Nani Wetu? Bunia Ikibishana Juu ya Leopards

Siku ya mechi, ukumbi wa video wa mtaani Bunia hutoa tangazo lake kwa chaki: majina ya timu mbili, bei ya kuingia kwa faranga, na saa. Saa ndiyo huleta ugomvi wa kwanza. Redio imetaja saa ya Kinshasa, na Bunia iko saa moja mbele ya Kinshasa. Basi mtu hufuta namba kwa kiganja na kuandika nyingine, na kijana wa pikipiki aliyewahi anaambiwa arudi baadaye. Harudi. Anakaa juu ya tangi, miguu ikining'inia, na kabla jenereta haijawashwa mjadala umeshaiva: nani aanze, nani akae benchi, na huyu kocha anatafuta nini.

Timu yenyewe, Leopards, timu ya taifa ya Kongo, iko mbali. Kutoka Bunia hadi uwanja wa Martyrs wa Kinshasa ni karibu kilomita 1,800 kwa mstari wa ndege, wakati Kampala iko kama 300 tu. Kwa mtu wa mitaa ya Nyakasanza au Mudzipela, Leopards ni picha kwenye kioo na sauti kwenye redio. Labda ndiyo maana watu wanabishana kwa ukali hivyo: asiyeweza kwenda uwanjani hubaki na mdomo wake.

Kuna wakati ubishi huo ulikuwa mchungu kweli. Leopards wana historia nzito: vikombe viwili vya Afrika, 1968 na 1974, na safari ya Kombe la Dunia 1974 nchini Ujerumani Magharibi, ya kwanza kwa timu ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Safari hiyo iliisha kwa mabao 14 ya kufungwa na hakuna hata moja la kufunga, lakini walifika. Wajukuu wa kizazi hicho wakaona mambo mengine. Timu ilikosa kabisa fainali za Afrika zilizochezwa Cameroon mwanzoni mwa 2022. Machi mwaka huo ikatoka sare ya 1-1 na Morocco mjini Kinshasa, kisha ikapigwa 4-1 Casablanca, na Kombe la Dunia la Qatar likaenda zake. Juni ikafungwa nyumbani na Gabon, 1-0, na siku chache baadaye na Sudan, 2-1. Mechi mbili za kufuzu fainali za Afrika zilizofuata, pointi sifuri.

Kocha wakati huo alikuwa Héctor Cúper, Muargentina aliyewahi kuipeleka Valencia fainali mbili za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Jina kubwa. Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika, na mgawanyiko huo haujafungwa hadi leo: wengine walisema jina kubwa ni gharama tu, bora kurudi kwa mtu wa nyumbani kama Florent Ibenge, aliyeleta nafasi ya tatu Afrika mwaka 2015 na kombe la CHAN, la wachezaji wa ligi za nyumbani, mwaka 2016, wengine wakajibu kwamba tatizo si kocha, ni wakubwa wa shirikisho.

Cúper akaondoka. Agosti 2022 akaja Mfaransa asiye na jina kubwa, Sébastien Desabre, akitokea Niort, klabu ya daraja la pili Ufaransa. Kinshasa walilazimika kuuliza ni nani. Bunia walikuwa na kumbukumbu yake, kwani mpaka wa Uganda uko karibu na Desabre ndiye aliyeifundisha Uganda Cranes kuanzia mwisho wa 2017. Juni 2019, jijini Cairo, Uganda yake iliwafunga Leopards 2-0 kwenye fainali za Afrika. Kumwajiri mtu aliyekupiga ni jambo la akili, ingawa halimfurahishi shabiki.

Kazi ya kujenga upya haikuwa na fataki. Katika mechi nne za kufuzu zilizobaki, Leopards hawakupoteza hata moja: sare na Mauritania ugenini, ushindi dhidi yao nyumbani, Gabon wakalipwa 2-0 huko kwao Franceville, Sudan nao 2-0. Kundi lililoanza kwa sifuri likaisha Leopards wakiwa kileleni. Haya yote yalitokea huku shirikisho la soka la Kongo likiwekwa chini ya kamati iliyoteuliwa na FIFA mwaka 2023, kwa hiyo waliosema wakubwa ndio shida hawakuwa wakiota. Timu ilisimama huku nyumba yake ikiwa bado haijapata mwenyewe.

Ila mjadala wenye moto zaidi ni wa wachezaji. Desabre aliita wengi waliozaliwa au kukulia Ufaransa, Ubelgiji, Uswisi na Uingereza. Yule kijana wa juu ya pikipiki atakuuliza: hawa wa Ulaya wanakuja kwa mapenzi au kwa sababu Ufaransa haikuwaita? Na kaka yake aliyeketi kwenye benchi la mbao atauliza kwa nini Fiston Mayele, aliyewafanya Watanzania watetemeke pale Yanga na kisha akawa tegemeo la Pyramids ya Misri iliyotwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2025, ameingia akitokea benchi mara nyingi hivyo.

Sheria yenyewe inachekesha kidogo. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine wowote. Siku ya mechi hakuna anayekifungua kitabu hicho. Upande wa FIFA, aliyechezea nchi nyingine timu za vijana anaruhusiwa kuhamia nchi ya asili yake, na tangu 2020 masharti yamelegezwa zaidi. Ndivyo Aaron Wan-Bissaka, aliyechezea vijana wa Uingereza, alivyoidhinishwa kuvaa jezi ya Kongo mwaka 2025.

Na ndivyo alivyokuja Axel Tuanzebe. Kwa jina hili ubishi wa Bunia hubadilika sura, maana Tuanzebe alizaliwa Bunia, mwaka 1997. Akapelekwa Uingereza akiwa mtoto, akakulia Rochdale, akaingia shule ya soka ya Manchester United akiwa na miaka minane. Oktoba 2020 alimkaba Mbappé jijini Paris, United ikashinda 2-1. Alipita timu za vijana za Uingereza kabla ya kuchagua Kongo. Sasa umwite nani? Wa Ulaya, au mtoto wa hapa? Wanaogawanya timu kwa mafungu mawili, la nyumbani na la nje, hukwama kwa huyu mmoja.

Hukwama pia kwa Meschack Elia. Huyu alilelewa na ligi ya nyumbani, akatokea TP Mazembe ya Lubumbashi, na mwaka 2016 alifunga mabao mawili kwenye fainali ya CHAN pale Kigali, Mali ikalala 3-0. Halafu akaenda Uswisi. Ukitazama mabao ya enzi ya Desabre yaliyokuwa na uzito, jina la Elia linarudi tena na tena.

Alifunga dhidi ya Misri kwenye fainali za Afrika, Januari 28, 2024. Mechi ilianza saa nne usiku kwa saa za Bunia na penalti zilimalizika karibu saa saba. Sare ya 1-1, na penalti zikaenda hadi makipa wenyewe. Kipa wa Misri, Gabaski, akagonga mwamba. Lionel Mpasi akaweka mpira, akafunga, 8-7. Kwa Kilingala mpasi ni mateso, na utani ulijitengeneza wenyewe.

Hapa panahitaji hesabu, kwa sababu mashabiki wenye kichwa baridi waliifanya. Katika mashindano yale Leopards walicheza mechi saba na kushinda moja tu ndani ya dakika 90, ile ya Guinea, 3-1. Mabao sita ya kufunga, matano ya kufungwa, nafasi ya nne. Maendeleo au bahati? Kwa maoni ya mwandishi, timu iliyokuwa ikifungwa nyumbani na Gabon kisha ikaruhusu mabao matano tu katika mechi saba imejengwa, hata kama bado haijui kufunga.

Kabla ya nusu fainali na Ivory Coast, Februari 7, wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji walifunika midomo kwa kiganja kimoja na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole kichwani kama bastola. Walikuwa wanasema mashariki wanauawa na dunia imenyamaza. Ituri, mkoa wa Bunia, ulio chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021 na wenye kambi za waliokimbia vijiji vyao, haikuhitaji kutafsiriwa. Walifungwa 1-0. Wa nje na wa nyumbani walikuwa wamesimama mstari mmoja.

Mwaka uliofuata ugomvi ulirudi palepale. Septemba 9, 2025, Kinshasa, katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, Leopards waliongoza 2-0 dhidi ya Senegal kwa mabao ya Bakambu na Wissa, wakafungwa 3-2. Wissa akapata jeraha la goti. Nahodha Chancel Mbemba alikuwa shabaha ya kila mtu: msimu mzima uliotangulia Marseille walikuwa wamemweka kando, na kocha hakuacha kumwita. Kwa nini nahodha aliyekuwa hachezi klabuni kwake?

Novemba, huko Morocco, Mbemba akajibu. Dakika ya 91 dhidi ya Cameroon, bao pekee. Siku tatu baadaye, Nigeria: bao la mapema la Onyeka, Elia akasawazisha, kisha dakika 120. Sekunde za mwisho Desabre akamtoa Mpasi, shujaa wa Misri, na kumwingiza Timothy Fayulu, aliyecheza Armenia. Fayulu akaokoa mbili. Penalti ya mwisho akapiga Mbemba, 4-3, na Bunia ilikuwa inakaribia saa sita usiku.

Kilichobaki kilikuwa mchujo wa mwisho wa kufuzu, Machi 2026 huko Mexico. Kesho yake asubuhi, mbele ya ukumbi ambao ubao wake ulikuwa bado na 21h iliyoandikwa juu ya 20h iliyofutwa vibaya, swali halikuwa tena nani wetu. Lilikuwa: Mexico, langoni, Mpasi au Fayulu?