Kilomita 73, dakika 20: ndege ya Zanzibar inachelewa wapi?

Hebu fikiria unakaa Msasani, na kesho saa nne asubuhi una usaili wa kazi Unguja. Unatafuta umbali wa kutoka uwanja hadi uwanja, unakuta kilomita 73 hivi. Ndege inakimbia zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Unapiga hesabu harakaharaka: dakika saba! Kumbe ratiba inasema dakika 20, au zaidi. Nani anadanganya?

Hakuna. Umbali wenyewe unaweza kuupata bila intaneti. Uwanja wa Julius Nyerere uko latitudo ya nyuzi 6 dakika 53 kusini. Ule wa Abeid Amani Karume nyuzi 6 dakika 13. (Dakika za pembe hizi, si za saa.) Longitudo zao karibu zinalingana, yaani unakwenda kaskazini moja kwa moja. Sasa, dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, kilomita 1.852. Zidisha kwa 40, unapata 74. Ile kilomita moja ya ziada imetokana na kukadiria kwetu.

Muda ndiyo wenye mambo. Ratiba huanza kuhesabu ndege inapoondoka maegeshoni, na humaliza inaposimama maegeshoni upande wa pili. Humo ndani kuna kutambaa hadi mwanzo wa njia, kusubiri zamu, kupanda, kushuka, kujipanga kutua. Safari fupi hivi ni kama daladala inayosimama kila kituo: injini ina nguvu, ila haipati nafasi ya kuchanganya.

Linganisha na Mwanza. Kutoka Dar ni kama kilomita 850, na ndege hutumia takriban saa moja na nusu. Umbali umeongezeka karibu mara 12, muda mara nne na nusu tu. Zile kilomita 777 za ziada zimechukua dakika 70, sawa na kilomita 11 kwa dakika. Kwa mwendo huo Zanzibar ni dakika saba, kama ulivyosema. Dakika 13 zilizobaki ni kama ushuru: unaulipa uende karibu, uende mbali. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana aina ya ndege hutofautiana; Caravan ya injini moja huenda taratibu zaidi.

Na upepo je? Kusi ikikusukuma kwa kilomita 40 kwa saa, kwenda Zanzibar unaokoa nusu dakika, basi. Safari ya Mwanza ndiyo ingehisi, kama dakika tano.

Lakini usaili wako hauanzii uwanjani. Kutoka Msasani hadi uwanja ni kama kilomita 16 kwa mstari ulionyooka, na barabara za Kawawa na Nyerere hazijanyooka, wala foleni ya asubuhi haina huruma. Ndege ya saa moja na nusu inataka uwe uwanjani saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo toka nyumbani saa kumi na moja na robo. Boti ya saa moja hutumia kama masaa mawili, lakini bandari iko karibu na kwako, na unashukia Malindi, mjini kabisa. Mimi ningepanda boti.

Ukiamua ndege, angalia tiketi vizuri: 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, si saa saba na nusu.