Umeme wa Mtambo wa Kupoza Maziwa: Mambo Yanayoipasa Kamati Kuyajua Kabla ya Kununua

Mtambo kamili wa kupoza maziwa, yaani ule ambao tangi, kompresa, feni na kisanduku cha swichi vimeunganishwa pamoja kiwandani, hufika chamani ukiwa tayari kwa kazi isipokuwa kwa jambo moja tu, nalo ni umeme. Jambo hilo Kamati nyingi huliacha liamuliwe na fundi siku ya kufunga. Siku hiyo huwa hati ya ununuzi imekwisha kutiwa sahihi na fedha za wanachama zimekwisha kutoka.

Yafaa kwanza kuijua kazi yenyewe. Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na joto la nyuzi 37 hivi, nayo hayana budi kushushwa hadi nyuzi 4 katika muda wa saa tatu hivi. Chama kinachopokea lita 1,000 jioni, zikiwa bado na nyuzi 35, kinahitaji mtambo uwezao kuondoa joto la kiasi cha kilowati 11 na nusu mfululizo kwa saa zote tatu. Kompresa haili umeme wote huo, kwa kuwa kazi yake ni kuhamisha joto wala si kulizalisha; yatosha kilowati 5 hivi. Kwa umeme wa njia moja wa volti 230, mota ya kadiri hiyo huvuta ampea 27 hivi. Kwa umeme wa njia tatu wa volti 400 huvuta ampea 9 tu katika kila waya.

Kwa hiyo swali la kwanza si bei ya mtambo, bali ni umeme gani uliopo kituoni. Katibu na aende akatazame nguzo pamoja na mtu wa TANESCO. Kama laini ifikayo kituoni ni ya njia moja, na mtambo unataka njia tatu, gharama ya kuvuta laini ni sehemu ya bei ya mtambo, nayo iwekwe katika makisio yapelekwayo mbele ya Mkutano Mkuu. Kisha lisomwe bati la maelezo lililobandikwa kwenye mtambo: volti, ampea, idadi ya njia, na hezi. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50. Mitambo iliyokwisha tumika kutoka Marekani ni ya hezi 60. Ikiunganishwa hapa mota hupunguza mwendo kwa sehemu moja ya sita, na isiporekebishiwa volti hupata moto. Mtambo wa namna hiyo, hata ukitolewa kwa bei ya kutupa, ni ghali.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni unene wa waya. Tuseme kituo kiko mita 60 kutoka kwenye mita ya umeme, na fundi, kwa kutaka kupunguza gharama, ametumia waya wa shaba wa milimita za mraba 4 kwa ile mota ya ampea 27. Volti zipatazo 11 hadi 14 zitapotelea njiani. Hilo mota yaweza kulistahimili. Lakini wakati wa kuanza kuzunguka mota huvuta umeme mara tano au zaidi ya kawaida, na hapo hupotea volti 30 au zaidi. Ikiwa laini yenyewe imekwisha kuwa dhaifu saa za jioni, wakati kila nyumba imewasha taa, mota hunguruma bila kuzunguka, kisha huungua. Kwa waya wa milimita za mraba 10 upotevu wa kawaida hauzidi volti 6. Tofauti ya bei ya waya hizo mbili ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya kompresa mpya, na muuzaji ana haki ya kukataa dhamana akikuta waya mwembamba.

Mota ya njia tatu ina adui mwingine: njia moja ikikatika, nayo ikaendelea kuzunguka kwa mbili zilizobaki, huungua kwa dakika chache. Kifaa cha kuzima mtambo njia inapokosekana, au volti zinaposhuka mno, hakina budi kuwamo. Kiwemo pia kicheleweshaji cha dakika tatu hadi tano, ili umeme ukikatika na kurudi ghafula kompresa isianze kazi kabla ya msukumo wa gesi kutulia. Baadhi ya kompresa hazipozi kabisa zikizungushwa kinyume. Zikipiga kelele ngeni siku ya kwanza zizimwe mara moja, fundi abadilishane waya mbili.

Sakafu ya kituo cha maziwa huwa na maji kutwa. Waya wa ardhi uliounganishwa vema, pamoja na swichi inayokata umeme unapovuja ampea 0.03, ndiyo kinga ya maisha ya mpokeaji maziwa aliyevaa viatu vilivyolowa. Swichi kuu ya mtambo iwe karibu, mahali asipohitaji kukanyaga maji kuifikia. Hita ya maji ya kuoshea tangi ipewe waya na fyuzi yake yenyewe; hita ya kilowati 3 huvuta ampea 13, wala haifai kuning'inizwa kwenye waya wa mtambo.

Chama chenye jenereta kifunge swichi ya kugeuzia, itakayoruhusu upande mmoja tu kwa wakati. Pasipo hiyo, umeme wa jenereta hupanda kwenye laini na kumkuta fundi wa TANESCO juu ya nguzo. Jenereta nayo isilingane na kilowati za mota. Iwe ya mara mbili au tatu, kwa sababu ya ule mvuto wa kuanzia.

Kazi yote ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na malipo ya mwisho yazuiliwe mpaka atoe hati ya vipimo. Nakala moja ibaki katika jalada la mtambo, na Katibu aandike daftarini volti za asubuhi na za jioni mtambo ukiwa kazini, walau kwa mwezi wa kwanza.