Kijana akianza ufundi wa dizeli, mzazi aulize kuhusu nozo

Wiki za kwanza hagusi injini. Anaosha spana, anatumwa spea dukani, anamshikia fundi taa chini ya lori. Nyumbani mzazi ananung'unika: mtoto amemaliza kidato cha nne, amepelekwa gereji, mbona hafundishwi?

Anafundishwa. Injini ya dizeli haina plagi. Mafuta huwaka yenyewe yanapopulizwa kwenye hewa iliyobanwa hadi ikapata joto kali. Anayejifunza kuirekebisha huanza kwa kusikiliza muungurumo na kusoma moshi. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa: pengine chujio la hewa limeziba, au nozo inamwaga badala ya kunyunyiza. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto unaweza kuwa taiming ya pampu iliyokosewa, au maji yanayoingia ndani.

Tatizo ni kwamba moshi husomwa nyuma ya ekzosi. Mwaka 2012, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Si sababu ya kumwachisha kijana kazi. Ni sababu ya injini kuwashwa nje, si ndani ya banda lililofungwa, na yeye kusimama pembeni.

Lakini hatari ambayo wazazi wengi hawajaisikia iko kwenye nozo. Fundi huifungua, huifunga kwenye mashine ya mkono ya kupimia, kisha hubonyeza wenzo kuona inavyonyunyiza. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa PSI 30 hivi. Nozo ya lori hufunguka kwa zaidi ya PSI 1,500. Mnyunyizo huo unapenya ngozi. Anayeanza kazi, kwa udadisi tu, huweka kidole aone kama inatoka, au hupapasa bomba la pampu akitafuta linapovuja huku injini inaunguruma.

Kinachobaki ni kitobo kama cha sindano. Damu haba, maumivu kidogo. Anafuta kwa tambara, anaendelea. Saa chache baadaye kidole kimevimba na hakikunjiki, kwa kuwa dizeli iliyo ndani inaharibu nyama. Hiyo ni dharura ya upasuaji, na anayechelewa anaweza kukatwa kidole. Aende hospitali saa hiyohiyo, na aseme wazi kuwa dizeli imeingia kwa presha, maana kitobo kile humdanganya hata mhudumu wa afya.

Kunyonya dizeli kwa mpira nako bado kupo kwenye gereji nyingi. Ikimpalia ikaingia mapafuni, huleta nimonia. Aliyeimeza asitapishwe, maziwa si dawa yake. Apelekwe hospitali, hasa akianza kukohoa au kuhema kwa shida.

Ovaroli ifuliwe peke yake, si pamoja na nguo za mtoto mchanga. Mikono inawiwe kwa sabuni, si petroli.

Anayetaka kuijua gereji aende siku ya kazi, si siku ya kulipa ada ya ufundi. Aombe kuona nozo ikipimwa, kisha atazame mkono wa fundi mwenyewe uko wapi.