Doa Jeupe Kwenye Paji la Uso

Picha ya bibi harusi imefunguliwa kwenye kompyuta ya studio. Macho yametulia, tabasamu limekaa vizuri, lakini katikati ya paji la uso kuna doa jeupe lililoachwa na flashi. Mhariri anapopitisha mshale wa kipanya shavuni, programu inasoma nyekundu 172, kijani 118, bluu 92. Akiusogeza hadi kwenye doa, namba zote tatu zinakuwa 255. Huo ndio ukomo wa picha ya JPEG, ambayo kila rangi yake ina ngazi 256 tu, kuanzia 0. Vinyweleo, vishimo na rangi ya ngozi, vyote vimefutika.

Mwanga ukifika kwenye ngozi hugawanyika. Sehemu ndogo, takriban asilimia 4 hadi 7, hudunda palepale juu ikiwa na rangi ileile ya taa. Unaobaki huzama, hupita kwenye melanini na himoglobini ya damu, kisha baadhi yake hutoka ukiwa umebeba rangi ya mtu mwenyewe. Jasho na mafuta huifanya ngozi iwe laini zaidi kwa juu, hivyo mwanga unaodunda huelekea upande mmoja badala ya kutawanyika. Ndipo paji la uso, pua na kidevu vinapometameta kama dimbwi juani.

Kwa ngozi nyeusi tatizo hujitokeza zaidi. Melanini nyingi humeza sehemu kubwa ya mwanga unaoingia, ilhali ule unaodunda juu haupungui, kwa hiyo tofauti kati ya mng'ao na ngozi inayouzunguka huwa kubwa. Mhariri anayeamua kung'arisha uso mzima ili doa lisionekane hukosea mara mbili: doa linabaki, na bibi harusi anapoteza rangi yake.

Jambo la kwanza ni kujua kama ngozi bado imo ndani ya picha. Faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, la biti 14 huwa na ngazi 16,384 kwa kila rangi, na mara nyingi sehemu inayoonekana nyeupe kwenye skrini bado ina taarifa zake. Kuteremsha kitelezi cha sehemu zenye mwanga mkali huzirudisha.

Wakati mwingine hasara ni ya nusunusu. Ngozi huakisi mwanga mwekundu zaidi kuliko wa kijani au wa bluu, kwa hiyo chaneli (safu ya namba za rangi moja) nyekundu ndiyo mara nyingi hugonga dari kwanza. Nyekundu ikikwama huku kijani ikiendelea kupanda, ngozi huelekea manjano, na ndiyo asili ya ule utepe wa manjano unaozunguka madoa mengi meupe. Hapo tiba ni tabaka jipya lililowekwa katika hali ya rangi: mhariri huchota rangi ya shavu lisilo na kasoro na kuipaka kwa brashi hafifu. Rangi hubadilika, mwanga na kivuli hubaki vilevile. Njia hiyo hiyo huondoa ubluu wa turubai la harusi au ukijani unaopanda kidevuni kutoka kwenye majani.

Chaneli zote tatu zikishafika 255, kitelezi hakisaidii tena. Kupunguza mwanga hugeuza nyeupe kuwa kijivu, na mtu anaonekana amepakwa majivu. Inabidi kuazima ngozi ya jirani. Brashi ya kuponya iliingia katika Photoshop 7.0 mwaka 2002, na mwaka uliofuata Patrick Pérez, Michel Gangnet na Andrew Blake wa Microsoft Research, Cambridge, Uingereza, walichapisha njia iliyo karibu nayo. Kompyuta huchukua tofauti za mwanga kati ya pikseli na pikseli katika ngozi isiyo na doa, yaani vishimo na mikunjo yake, kisha hutatua mlinganyo wa Poisson ili kupata rangi zitakazoungana bila mshono na ukingo wa mahali panapozibwa.

Kwa kuwa hesabu hutegemea ukingo, brashi lazima ivuke doa lote hadi kwenye ngozi salama. Ukingo ukiangukia ndani ya weupe, weupe huo husambaa kwenye kiraka. Ukigusa nywele, weusi wake huvuja hadi kwenye paji. Kiraka huwekwa kwenye tabaka lake, halafu hupunguzwa uzito ili mng'ao kidogo ubaki, maana bila mng'ao wowote paji hupoteza umbo lake la mviringo na kuonekana bapa.

Swali la rangi ipi ni sahihi lina historia chungu. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikalipa gharama. Mwaka 2022 Google ilitoa kipimo cha rangi 10 za ngozi kilichoundwa na mwanasosholojia Ellis Monk wa Chuo Kikuu cha Harvard, ili programu zijaribiwe kwa watu wa aina zote. Kwa mhariri aliye mbele ya bibi harusi, kipimo cha karibu zaidi kimo kwenye picha yenyewe: shingo na bega ambavyo flashi haikuviunguza. Rangi ya kuziba paji ichotwe huko, kisha picha itazamwe kwa ukubwa wa asilimia 100 kabla ya kupelekwa kuchapwa.