Nodi ya nyumbani: piga hesabu kabla ya kuwasha mashine

Kama una kijana anayependa kompyuta, pengine umeshaulizwa: “Baba, kwa nini na sisi tusiweke nodi?” Na kama hukuulizwa na kijana, basi huenda umeletewa ujumbe kwenye WhatsApp: nunua nodi leo, kaa kitako, pesa zitaingia zenyewe kila mwezi. Maneno yanafanana, lakini kijana na huyo muuzaji hawasemi kitu kimoja.

Nodi ni kompyuta tu, yenye diski na intaneti, inayofanya kazi pamoja na nyingine maelfu badala ya kutegemea seva za kampuni moja. Tuchukue mfano wa Storj, mtandao wa kuhifadhi mafaili. Faili la mteja hufungwa kwa ufunguo wa siri, hukatwa vipande, na vipande husambazwa kwenye nodi za watu nchi mbalimbali. Kwa mpango uliotumika kwa miaka mingi, kila sehemu ya faili ilitawanywa vipande 80, na vyovyote 29 vilitosha kuirudisha nzima. Kwa hivyo ukiogopa kwamba utawekewa uchafu wa watu ndani ya nyumba yako, jua kwamba kwenye diski yako hamna faili zima, wala huwezi kukisoma kipande kilichopo.

Na blokucheni iko wapi hapo? Kwenye malipo. Mafaili yenyewe hayakai kwenye blokucheni. Unalipwa tokeni ya STORJ inayopita kwenye mtandao wa Ethereum. Viwango vinahesabiwa kwa dola, lakini ukishaipokea tokeni, bei yake inapanda na kushuka ikiwa mkononi mwako.

Sasa hesabu. Kwa viwango vya Desemba 2023, mwenye nodi hulipwa dola 1.50 kwa kila terabaiti moja inayokaa mwezi mzima, na dola 2 kwa kila terabaiti inayochukuliwa na wateja. Diski ya terabaiti 4 ikijaa yote inaleta dola 6 za kuhifadhi. Hiyo ni rial 2 na baisa 300 hivi. Na haijai kwa wiki, bwana! Nodi mpya hujaribiwa kwanza, ikipewa data kidogo kidogo, na wateja nao wanafuta mafaili yao. Kujaa ni jambo la miezi mingi.

Tena mwanzoni hupati zote. Miezi mitatu ya kwanza mtandao unazuia asilimia 75 ya malipo yako, mitatu inayofuata 50, mitatu mingine 25. Nusu ya kilichozuiwa unarudishiwa baada ya mwezi wa 15, nusu iliyobaki ukiaga kwa utaratibu. Ni kama amana ya nyumba ya kupanga: ukipoteza data ya watu, imekwenda.

Umeme nao usiusahau. Kompyuta ndogo na diski moja zikila wati 15 usiku na mchana, zinafika karibu uniti 11 kwa mwezi. Maskati huenda usishtuke. Lakini ndugu yetu wa London anayelipa peni 25 kwa uniti ameshatoa pauni 2.75, zaidi ya nusu ya zile dola 6. Ndiyo maana Storj wenyewe wanashauri utumie mashine uliyonayo na inayowaka tayari. Kununua vifaa vipya kwa ajili hii, kwa maoni yangu, ni kuzitupa pesa.

Kazi hasa ni utunzaji. Lazima ufungue mlango namba 28967 kwenye ruta, na kama kampuni yako ya intaneti inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, mlango huo haufunguki mpaka uombe anwani yako mwenyewe. Usidhani pia kwamba nodi kumi chumba kimoja ni mapato mara kumi: zilizo kwenye anwani za jirani mtandao huzihesabu kama moja, zinagawana data ile ile. Lile faili dogo la utambulisho wa nodi likipotea, nodi imekufa hata diski ikiwa nzima. Liwekee nakala pengine.

Halafu inakuja likizo. Familia zetu nyingi zikienda Unguja au Mombasa kiangazi huzima umeme wote kwenye swichi kubwa. Nodi ikizimika zaidi ya saa nne, vipande vyake vinaanza kuhesabiwa kama havipo. Ikizidi sana inasimamishwa. Na ukiiacha inawaka huku AC imezimwa Julai, chumba kilichofungwa kinakuwa tanuri, na diski nyingi mwisho wao ni nyuzi 60. Lazima awepo mtu wa kuiangalia.

Sheria pia zinatofautiana. Kuwait ilipiga marufuku malipo, uwekezaji na uchimbaji wa sarafu za mtandaoni Julai 2023, kwa hivyo mkaazi wa huko asiguse tokeni kabla ya kumuuliza mwanasheria. Dubai ina mamlaka yake ya mali hizi, VARA, tangu 2022.

Turudi kwa yule muuzaji wa WhatsApp. Muulize swali moja: anayelipa ni nani? Kwenye Storj ni mteja mwenye mafaili, na kujiunga ni bure, programu unaipakua mwenyewe. Akikwambia faida inatokana na kuwaleta wenzako, huo ni mchezo wa piramidi uliovishwa kanzu mpya.

Kijana wako akishaanza na baadaye akachoka, mwambie asiing’oe tu waya na kutia diski kabatini. Nodi iliyofanya kazi miezi sita inaweza kuaga rasmi: unatoa amri, unaiacha hewani mpaka utaratibu umalizike, ndipo ile amana iliyobaki inapolipwa.