Vyama Viwili vya Ushirika Kuwa Kimoja

Wakulima wa kandokando ya Mto Tana, hapo Garissa, hulima ndizi, maembe na nyanya, na bei ya pampu ya maji yaweza kukishinda chama kidogo. Tuseme basi vyama viwili vyataka kuungana. Je, wanakamati waweza kupatana wao kwa wao, wakatia sahihi? La! Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 iliagiza kwamba mkutano mkuu wa kila chama upitishe azimio kwa theluthi mbili za kura, kisha nakala ipelekwe kwa kila mwanachama, hata aliyehamia malisho ya mbali na ngamia wake, na kwa kila mwenye kukidai chama.

Hapo ndipo mnyonge alipopewa nguvu. Asiyependa kuingia chama kipya aweza kuarifu kwa barua, mwezi mmoja kabla ya siku ya kuungana, naye arudishiwe hisa zake. Mdai naye aweza kutaka alipwe. Ndipo mkutano wa pili uthibitishe, na Kamishna aandikishe. Wengine huona kungoja huko ni usumbufu mtupu. Mimi naona ni nafasi ya kukagua vitabu vya mwenzio, maana chama kipya hurithi mali pamoja na madeni.