Kasoro Zinazokwamisha Mabasi Madogo ya Zamani Katika Ukaguzi wa Magari

Na Mwandishi Wetu

Basi dogo aina ya Toyota HiAce lililotumika kwa miaka ishirini linapopelekwa kwa mkaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani, mara nyingi huwa limeoshwa na kupakwa rangi upya. Hata hivyo, kasoro nyingi zinazolikwamisha huwa chini ya gari, mahali ambapo mmiliki hutazama kwa nadra. Kwa kuwa magari haya hubeba wanafunzi na abiria wengi kila siku, ni muhimu wamiliki na madereva wazifahamu kasoro hizo mapema.

Kasoro ya kwanza ni breki. Kwa kawaida magari haya huwa na breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Mafuta yakivuja ndani ya ngoma, tairi moja hushika na nyingine huteleza, na gari huvutwa upande mmoja dereva anapokanyaga breki. Aidha, mafuta ya breki hufyonza unyevu kadiri yanavyokaa. Mafuta yaliyochakaa huchemka kwa urahisi zaidi breki zinapopata moto katika mteremko mrefu, kama ule wa Kitonga mkoani Iringa, na hapo pedali huzama bila gari kusimama. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita takribani mita 14 kila sekunde. Hivyo, kuchelewa kwa sekunde moja kunatosha kumfikia mtoto anayevuka barabara.

Kasoro ya pili ni kulegea kwa viungo vya usukani na vya miguu ya mbele, ambavyo mafundi huviita boli jointi na tairodi. Barabara zenye mashimo huviharakisha kuchakaa. Fundi huinua gurudumu la mbele na kulitikisa juu na chini, kisha kushoto na kulia. Likicheza, sababu yake lazima itafutwe. Dalili nyingine ni tairi kuliwa upande mmoja, au gari kuyumba katika mwendo ulionyooka.

Tairi zenyewe ni kasoro ya tatu. Ndani ya mifereji ya kashata kuna vinundu vyenye kimo cha milimita 1.6, kashata ikilingana navyo, tairi imekwisha. Umri nao huangaliwa. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye nyufa ubavuni haifai, hata kama kashata yake bado ni nene.

Kutu ni tatizo jingine, hususan kwa magari yanayofanya kazi maeneo ya pwani yenye hewa ya chumvi. Mkaguzi hugonga chesisi na sakafu ili kubaini palipooza chini ya rangi. Sakafu iliyooza haiwezi kushikilia viti wala mikanda gari linapogonga. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa magari yaliyoundwa kubebea mizigo, kisha yakafungwa viti vya abiria bila sakafu kuimarishwa.

Zipo pia kasoro ndogo ambazo ni nafuu kurekebisha: taa ya breki isiyowaka, indiketa, wapa, honi, kioo cha mbele chenye ufa, mlango usiofunga vizuri, na kukosekana kwa kizima moto au pembetatu za tahadhari.

Wamiliki wanashauriwa kulipeleka gari kwa fundi mwenye ujuzi wiki chache kabla ya ukaguzi, ili matengenezo yafanyike bila haraka. Kuazima tairi kwa ajili ya siku ya ukaguzi na kuzirejesha jioni hakumsaidii mmiliki, kwani gari litarudi barabarani na ubovu uleule. Dereva naye, kila asubuhi kabla ya kupakia abiria, akague taa, upepo wa tairi, kiwango cha mafuta ya breki na uimara wa pedali. Akiona kasoro, atoe taarifa kwa mmiliki na asiliondoe gari mpaka litengenezwe.